Koti la Mshika Darubini

"Salwa, baba yako yuko hapa. Usije!"

Nilituma ujumbe huo nimejikunja nyuma ya meza, simu nimeificha chini ya koti. Tiki moja. Nikasubiri. Bado tiki moja. Ndipo nikakumbuka: usiku wa wageni, kila mwanachama wa klabu yetu ya elimu ya anga huzima simu kabla ya kuingia uwanjani, maana mwanga mweupe huharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Sheria hiyo niliitunga mimi, Abdulhalim, mwenyekiti mwenye kiherehere.

Baba yake, Mzee Athumani, anauza vipuri vya magari mtaa wa Sakina, na mafundi wazima hushusha sauti anapopita. Kesho yake watu wa Usa River walikuwa wanakuja kumposa Salwa kwa ajili ya kijana wao, Khalfani. Mimi na Salwa tulipendana tangu mwaka wa kwanza chuoni, lakini si yeye wala mimi aliyethubutu kumwambia mzee. Uoga wetu ulikuwa mmoja, tukagawana.

"Kijana, darubini ndiyo hii?" sauti nzito iliuliza nyuma yangu.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mnakaa gizani kama wezi?"

"Nyota zinataka giza, mzee."

"Binti yangu kila wiki anasema anakwenda kwenye nyota. Leo nimekuja nizione hizo nyota zenyewe."

Upepo wa Meru ulikuwa unashuka, na mzee, aliyekuja na shati tupu, alikuwa anatetemeka. Nikavua koti langu nikamvisha. Adabu ilinituma, na kujipendekeza pia, nisiseme uongo. Nilichosahau ni kwamba koti lile lina utepe mgongoni unaong'aa gizani. Huvaliwa na mshika darubini peke yake, ili watu wamtambue bila taa.

"Mwenyekiti!" Susana, mwanachama mwenzetu, aliita kutoka getini. "Wageni wamejaa, njoo uwapange!"

Nikakimbilia getini nikiomba Mungu nimkute Salwa huko. Kumbe alipita njia ya hosteli. Nilimwona kwa mbali, kivuli chembamba kwenye taa zetu nyekundu, akiufuata ule utepe moja kwa moja.

Nilikimbia. Nilipobakiza hatua chache, alikuwa ameshasimama nyuma ya koti langu, akinong'ona.

"Usigeuke, Susana asije akatuona. Wewe nisikilize tu."

Koti halikugeuka. Mimi nikafungua mdomo, sauti ikagoma kutoka.

"Nimeshindwa kumwambia baba. Jana nilifika mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Mama anasema nikubali tu yaishe. Lakini mimi naogopa, jamani. Nikisikia gari lake linaingia getini, tumbo linaniuma. Nimeogopa hivyo tangu niko mdogo."

Akalisogelea koti zaidi.

"Najua umekataa kutoroka na mimi. Basi mimi naenda peke yangu. Alfajiri napanda gari la Namanga, navuka mpaka. Na nyumbani sirudi tena."

"Tumbo linakuuma?" Mzee Athumani aliuliza taratibu.

Salwa alipiga ukelele. Mtu akawasha tochi, uwanja mzima ukapiga kelele: "Zima taa! Taa!" Ikazimwa, lakini nilikuwa nimeshauona uso wa mzee. Nilitegemea hasira. Nilichokiona ni hofu. Mzee alikuwa ameogopa kuliko sisi wote.

"Baba, nisamehe..."

"Nikija na gari, tumbo linakuuma? Mwanangu mwenyewe?"

Salwa alikuwa analia.

"Nimewahi kukupiga?"

"Hapana, baba."

"Sasa nini?"

"Unafoka. Unafokea kila mtu. Halafu hutuulizi kitu, unatuambia tu."

Mzee akamsogelea. Nilijua sasa hivi atamshika mkono amburute mpaka kwenye gari, na mimi nitamkosa maisha yangu yote. Akatoa simu. Mwanga ukatoka.

"Mzee, taa!" mgeni mmoja akalalamika.

"Samahani," alisema Mzee Athumani, akajifunika koti kichwani, akapiga simu humo humo.

"Assalamu alaykum, Baba Khalfani... Kesho msije, ndugu yangu... Hapana, mahari si tatizo. Sikumuuliza binti yangu. Nilipaswa kumuuliza kwanza, sikumuuliza. Nisamehe sana."

Alipotoka chini ya koti, alipangusa macho kwa kiganja.

"Salwa, alfajiri utakuwa wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Na huyo uliyedhani unaongea naye yuko wapi?"

Ningeweza kukimbia. Giza lilikuwepo la kutosha. Nikasogea mbele yake, meno yananigongana, na si kwa baridi.

"Ni mimi, mzee. Abdulhalim. Ninampenda binti yako. Nilipaswa kuja kwako mapema, nikaogopa."

"Na sasa hivi unaniogopa?"

"Sana, mzee."

"Vizuri," alisema. "Wewe endelea. Yeye aache."