Mwarobaini wa Bure

Gona wa Ganze alichoma makaa. Mkewe, Nyevu, alifanya kazi za nyumbani na kumlea binti wa tajiri mmoja Shella, Malindi, akirudi kila mwisho wa mwezi. Binti yao mkubwa, Kache, alipika na kuteka maji silangani, bwawa la kijiji.

Siku moja Kache aliona damu kwenye nguo yake. Shuleni alifundishwa kwamba maji ya silanga huleta kichocho, na mwenye kichocho hukojoa damu.

"Baba, nina kichocho," alisema.

Gona alichemsha mwarobaini. Kache akanywa, machozi yakimtoka. Siku chache baadaye damu ikakatika.

"Dawa yangu hiyo!" Gona alitamba kijiji kizima. Nyevu alipokuja akaambiwa kichocho kimepona. Hakuuliza zaidi.

Mwezi uliofuata damu ikarudi. Kache akaamini anakufa. Akaacha shule, akakataa kula sahani moja na mdogo wake, Lynn. Mtihani wa mwisho wa mwaka ukafanywa yeye hayupo.

Nyevu aliporudi alimkuta amekonda. Akamwita jirani yao Janet, mhudumu wa afya wa kijiji. Janet alimsikiliza Kache, akamshika mkono.

"Huumwi, mwanangu. Hii ni hedhi. Umebaleghe. Itakuja kila mwezi na kukoma yenyewe. Vaa pedi, ibadilishe mara kwa mara, oga kama kawaida. Matiti kukua, chunusi, hasira za ghafla, hayo ni ya umri wako. Na ujue, sasa unaweza kushika mimba."

"Na mwarobaini?" Gona aliuliza.

"Umemtesa bure. Hata kichocho dawa yake iko zahanati."

Kisha akamgeukia Nyevu. "Mbona hukumwambia?"

"Kwetu mama hasemi haya na mwanawe. Ni kazi ya hawe, bibi yake."

"Hawe si mlimzika, dada?"



"Mama," Kache akasema, "yule binti wa tajiri wako, nani alimwambia?"

Nyevu aliinama. Ni yeye aliyemwambia. Hata pedi alimnunulia yeye.

Kache alirudia darasa, akawa anakwenda shule kila siku, pedi mkobani. Jumapili moja Nyevu alimketisha Lynn, akamweleza yote kabla hayajamfika. Kando yao Kache alikuwa akisugua sufuria ya mwarobaini. Alisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kwa ajili ya mdogo wake, na alimwonea wivu mpaka akalia.