Kidonge cha Siku za Mbalamwezi

Ilikuwa saa moja na nusu usiku, na kidonge kilikuwa bado kwenye kiganja cha Nuriat. Baba yake, mzee Haidari, aliketi kwenye mkeka barazani, nyumbani kwao Kashai, mjini Bukoba, akimenya karanga. Mwezi mpevu ulikwisha kuchomoza juu ya mapaa ya mabati.

"Baba, dawa."

"Tazama juu, mwanangu. Unaona nini?"

"Mwezi."

"Basi. Mwezi ukiwaka hivi, dagaa hawafuati taa. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinakaushwa, kila mtu anapumzika. Na moyo wangu unapumzika. Rudisha hicho kwenye kopo."

Haidari alikuwa na mtumbwi wa dagaa katika kisiwa kimoja cha Muleba. Siku za giza, mwezi usipoonekana, alishinda huko akisimamia kazi na kubeba magunia, na dawa alimeza bila kukosa. Siku za mbalamwezi alirudi Bukoba, na dawa akaiacha. Kwake kidonge kilikuwa kama mafuta ya injini: hakuna anayeyatia kwenye mashine iliyozimwa. Hospitalini alikwisha kuelezwa kwamba moyo wake ni dhaifu, tena unapapatika badala ya kupiga kwa mpangilio, na kwamba kidonge ni cha kila siku, kuzuia damu isigande. Alishika neno "moyo", mengine hakuyashika.

"Nuri! Baba yako amekunywa dawa?" mama yake, Sada, aliuliza kutoka jikoni. Kumsimamia baba ilikuwa kazi ya Nuriat.

Baba alimkonyeza.

"Ndiyo, mama."

Kesho yake alijibu hivyo hivyo, na keshokutwa. Baba hakuugua, wala hakulalamika. Lakini Nuriat aliona kwamba siku hizi alisimama kupumua kila alipotoka bafuni, akishika ukuta, na alipogundua anatazamwa aliuachia ukuta haraka.

Siku za giza ziliporudi, Mayunga, nahodha wa mtumbwi, alikuja asubuhi kumchukua tajiri wake. Alimkuta akinywa chai.

"Bosi, vijana wanachaji taa tangu jana! Au ziwa limekushinda?"

"Linishinde mimi? Wewe uliyetapika mbele ya wanawake wanaoanika dagaa, upepo wenyewe mdogo tu, ukasema umekula..."

Sentensi haikuisha. Kikombe kilimponyoka Haidari mkono wa kulia. Alitaka kukiokota, mkono haukutii. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, na maneno yaliyotoka yalikuwa yamepondekapondeka.

"Acha utani, bosi," Mayunga alisema, bado akicheka. Kisha akaacha kucheka.

Nuriat alikimbia kumwita mama. Mayunga alikimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Hospitalini, Daktari Renatha aliitazama picha ya kichwa kwa muda mrefu. "Ni kiharusi," alisema. "Hakuna damu iliyovuja. Bonge dogo la damu limeziba mshipa wa ubongo." Akachukua majibu ya kipimo cha damu. "Damu yake inaganda kama ya mtu asiyetumia dawa. Anakunywa kila siku?"

"Kila siku," Sada alijibu. "Binti yangu humpa kwa mkono wake."

"Basi dozi haimtoshi. Itabidi niiongeze." Akaanza kuandika.

"Daktari," Nuriat alisema, "dozi ikizidi inakuwaje?"

"Mtu huweza kuvuja damu, hata ndani ya kichwa. Huweza kufa. Kwa nini unauliza?"

Baba alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Alitikisa kichwa polepole: usiseme.

"Hanywi kila siku," Nuriat alisema. "Siku za mbalamwezi hanywi kabisa, anasema moyo wake umepumzika kama injini iliyozimwa. Mama, nilikudanganya."

Sada alimgeukia. Daktari alikikata kwa mstari alichokuwa ameandika.

"Mzee wangu," alimwambia Haidari, "injini huzimwa. Moyo hauzimwi. Wako unapapatika hata ukiwa umelala, na kwa kuwa hausukumi kwa nguvu, damu inatuama kwenye kifuko kidogo kando ya moyo. Damu ikituama inaganda. Bonge likichomoka linapanda kichwani. Wapo wagonjwa wasioweza kutumia dawa hizi. Baadhi yao, kwenye hospitali kubwa, huzibwa kifuko hicho kwa kifaa kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Wewe hujafika huko. Wewe una kidonge."

Haidari alifumba macho.

"Na wewe, binti, sikiliza. Mimi siwezi kuingia nyumbani kwenu. Natibu kwa vipimo na kwa maneno mnayoniambia. Neno la uongo lingeniandikisha dozi ya kumuua baba yako, na mkono ungekuwa wangu. Umechelewa kusema kweli, lakini umesema kabla sijamaliza kuandika. Siku nyingine usingoje afike hapa. Mtu mzima akikuomba ufiche habari ya ugonjwa wake, mkatalie kwa heshima, kisha umwambie mtu mzima mwingine siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, daktari."

Mayunga alirudi kisiwani peke yake. Haidari alianza tena dozi ile ile ya zamani, mwezi uwepo usiwepo, na Sada mwenyewe ndiye aliyemtazama akimeza. Ulimi wake ulifunguka taratibu. Siku ya kliniki kipimo kilionyesha kwamba damu imefika kiwango kinachotakiwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado havikuweza kufunga vifungo vya shati, Nuriat alimfungia.