Lenzi Aliyoniuzia Dada Yangu wa Kunyonya

Sogea karibu unisikilize, ewe unayependa kupiga picha, nikueleze polepole... Nina miaka arobaini na mmoja. Naishi Bongwe, na kazi yangu ni kupiga picha za watu kwa kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani. Filamu yake ni pana kama kiganja, na kila picha hula kipande kizima. Ukiikosa, umeikosa!

Kamera nilikuwa nayo. Nilichokosa ni lenzi nzuri ya sura. Usiogope, si jambo gumu. Kwa picha ya uso unataka lenzi ndefu kidogo, ili usimsogelee mtu mpaka pua ivimbe pichani, na yenye tundu pana la kupitisha mwanga. Zile za kale za shaba zinapendwa kwa sababu hulainisha ngozi na kuyaacha macho yakiwa hai.

Haraka yangu ilikuwa Baba. Mzee wangu wa Mkongani hakuwahi kukubali picha, ukiacha ya kitambulisho. Za simu ndizo alizichukia kabisa. "Hizo hutembea," alisema. "Leo iko kwako, kesho iko kwa nisiyemjua." Lakini alikuwa mgonjwa, nami nilimbembeleza mpaka akalegea. Angekaa mara moja tu, mbele ya kamera yangu, na picha ibaki moja, ukutani kwangu.

Mwanasiti ni dada yangu wa kunyonya. Mama yake aliugua baada ya kujifungua, mama yangu akatunyonyesha sote wawili, na baba yangu akawa baba yake. Yeye hupiga picha za wageni kule Diani. Mgeni mmoja mzee alimwachia lenzi mbili za shaba. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya Baba, akakubali kuniuzia moja.

Aliziweka mezani. Moja ilikuwa na mkwaruzo kiooni na shaba iliyofubaa. Nyingine iling'aa kama bangili ya bibi harusi. Nikatoa tochi.

Mwanasiti akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Yaani wanimulika mimi? Kama muuza samaki wa jana?"

"Si wewe, ni kioo."

"Kioo changu ni mimi! Tumenyonya ziwa moja, leo wanitafutia ila kwa tochi?"

Nyinyi wa huku mnajua. Mali ya ndugu haipekuliwi mbele yake. Ni kumwita mwongo. Nikaizima tochi... Akanisukumia ile inayong'aa. "Hiyo ya mkwaruzo ni ya kuchezea watoto," akasema. Nikamlipa bila hata kuomba apunguze.

Niliijaribu chumbani, dirisha moja, pazia jeusi nyuma. Picha ilitoka laini kuliko nilivyotarajia. Nikampigia simu. "Ewaa! Huo ndio utamu wa vya kale," akanijibu. Kwa nini nisimwamini?

Ijumaa baada ya swala, Baba alikaa uani kwa kanzu nyeupe. Ndani hakuweza, kifua kilimbana. Nyuma yake ukuta wa chokaa uliwaka jua. Nikatoa kifuniko cha lenzi, nikakirudisha upesi.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha, Baba."

"Alhamdulillahi. Basi usinisumbue tena, mwanangu."

Jioni niliisafisha filamu, nikaichapisha. Uso haukuwepo! Kanzu, ukuta, ndevu, vyote vilikuwa vimeyeyuka kuwa moshi mmoja mweupe...

Ndipo nikamulika. Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi nyembamba kama mizizi. Kuvu! Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa kabatini miaka huota kuvu kwa ndani. Kwenye chumba chenye giza ubaya wake hujificha. Kwenye mwanga mkali huutawanya mwanga wote. Na ule mkwaruzo niliouogopa? Mkwaruzo mdogo wa juu hauharibu picha!

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwomba Baba akae tena, alipofariki. Matangani, Mwanasiti alilia kutushinda sote.

Baada ya arobaini nilimwendea. Wala hakukana. "Nilijua," akasema. "Ile nzima ningekupa, mimi ningebaki na nini?" Nyuma yake ukutani zilitundikwa sura za wageni, kali, macho yanameta, zote zimepigwa kwa lenzi ya mkwaruzo. Sura za watu ambao hata majina yao hayajui!

Watu wananiambia undugu ni kuvumiliana. Sawa, lakini wao wana picha za baba zao. Mimi sijamsamehe, na sitawadanganya kwamba nitamsamehe.

Wewe unayeanza, usikate tamaa. Lenzi za kale ni nzuri mno, na utaipata yako. Ila usiinunue kwa kumtazama muuzaji usoni, hata kama mmelala kitanda kimoja utotoni. Fungua tundu lote, weka tochi nyuma ya kioo, tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Akinuna, mwache anune. Ukiona nyuzi au ukungu, irudishe mezani, aga kwa heshima, uondoke.