Kichwa cha Joka

Haya yalimkuta rafiki yangu Torunn, na Torunn si mtu wa kutia chumvi. Alikuwa akitembeza wageni katika visiwa vya Lofoten, kaskazini ya mbali, kwa mashua ya makasia iliyoundwa kama zile za Waviking, na mbele yake kimechomekwa kichwa cha joka cha mti. Siku hiyo alikuwa na wanakwaya kutoka Trondheim. Walishaona makaburi ya kale kisiwani, wakanywa supu ya samaki, sasa wanarudi kijijini. Ilikuwa mwisho wa Novemba; alasiri tu, na giza limeshatanda.

Kwetu kichwa cha joka huchomolewa kabla ya kukaribia nchi kavu, kisije kikaitisha mizimu inayolinda ardhi. Torunn akashika nyundo agonge kigingi kinachokishikilia.

"Kiache bwana, hatujapiga picha nacho!" akasema Gudveig, kiongozi wa kwaya. "Au unaogopa kipande cha gogo?"

Wakaangua kicheko. Torunn naye akacheka, akaweka nyundo chini, akarudi kwenye usukani.

Wakapiga makasia mpaka mikono ikawawaka moto. Taa za kijiji zilibaki palepale. Shakwe wakanyamaza wote kwa mpigo. Kisha taa zikaanza kuzimika, nyumba baada ya nyumba.

"Torunn, mbona hatufiki?" Gudveig sasa alikuwa analia.

Torunn akatambaa gizani hadi mbele. Akapapasa kigingi: kilikuwa kimekaza vilevile kama alivyokigongomea asubuhi. Akapandisha mkono atafute kisogo cha joka, maana uso wake siku zote hutazama mbele, nje ya mashua.

Vidole vyake vikagusa meno.