Vidonge vya Waanika Ndagala

Kila siku baada ya masomo, Aliya alikwenda Minago, ufukweni mwa ziwa, kumsaidia bibi yake, Mwavita, kuanika ndagala, wale samaki wadogo. Wanawake wa pale walikuwa na mkebe mmoja ambamo kila mtu alitia vidonge vilivyombakia baada ya kupona. Aliya peke yake alijua kusoma Kifaransa kilichoandikwa juu ya dawa hizo, hivyo mtu akiumwa, yeye ndiye aliyemchagulia dawa.

"Dogiteri wetu! Koti jeupe umelisahau wapi?" walimtania, naye akavimba kichwa.

Bibi alipochomwa mguu na waya wa kichanja, Aliya alimpa vidonge vya kuua vijidudu. Kidonda kikapona. Mara tumbo likaanza kumwendesha.

"Vimeponya mguu, vitashindwa na tumbo?" alisema Aliya, akampa vingine vilevile. Siku ya nne Bibi alihara damu.

Kwenye kituo cha afya, muganga Karoli aliuliza, "Mama alikunywa dawa gani huko nyumbani?"

Aliya aliona macho ya wanawake waliomsindikiza Bibi yakimgeukia. "Hakuna," akajibu haraka. Wale wengine nao wakanyamaza.

Karoli akadhani ni homa ya matumbo, akamchoma sindano za kuua vijidudu. Kesho yake Bibi hakumtambua hata mjukuu wake. Hapo Aliya akalia, akasema yote.

Karoli alishika kichwa. "Tumboni mna vijidudu vinavyotulinda. Vidonge vyako viliviua, vile vibaya vikapata nafasi, utumbo ukavimba. Na sindano zangu, mwanangu, zilikuwa petroli juu ya moto!"

Alizisimamisha mara moja, akampeleka Bibi hospitali, wakambadilishia dawa. Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani, mifupa mitupu, hana nguvu ya kuinua hata beseni la ndagala.

"Nisamehe, Bibi," alisema Aliya.

"Vidonge nimekusamehe. Hukujua, na sisi watu wazima tulikutuma kazi isiyo yako. Dawa huchaguliwa na aliyeisomea." Bibi alipumzika kidogo, pumzi zikimwishia. "Lakini muganga alipokuuliza, ulijua. Aibu ingepita, mjukuu wangu. Mimi ningepita nisirudi. Mbele ya mgonjwa, sema kweli hata ikikuchoma."

Aliya aliinamisha kichwa. Bibi akamnyooshea mkono, umekonda kama ufito, ili amsaidie kuketi.