Ufuko wa Kiti cha Buluu

"Tangazo muhimu. Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, waliooga na wasiooga, mnaarifiwa kwamba Wizara ya Safari, Bahari na Milima imekwisha kuanza maandalizi ya ziara ya Jumamosi. Serikali imejipanga. Msiwe na hofu."

Mtangazaji alikuwa amesimama juu ya kigoda cha jikoni, upawa mdomoni kama kipaza sauti. Mchuzi ulikuwa ukimchuruzika kutoka kwenye upawa hadi kwenye kiwiko.

"Mheshimiwa," mama yake alisema bila kugeuka, "shuka. Kuna sufuria iliyoungua inataka kuonana na wewe."

Huyo ndiye Waziri, msichana wa darasa la sita. Cheo hicho alipewa na bibi yake siku alipokabidhiwa kazi ya kupanga safari ya familia, na tangu siku hiyo alitembea kidevu juu, utadhani ana walinzi nyuma yake.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Jumatatu, bibi alikuwa apasuliwe macho yote mawili. Daktari alisema huenda yakapona, na huenda yasipone. Bibi alisema yeye habishani na daktari, ila kabla hajafungwa bendeji anataka aitazame bahari mpaka aishibe. Mama, ambaye ni muuguzi, aliomba kubadilishiwa zamu. Mjomba, ambaye kazi yake ni kuwatembeza watalii, aliazima gari la kazini. Waziri alitakiwa kufanya jambo moja tu: aende ofisi ya walinzi wa ufuko, kule nyuma ya soko, aulize ni ufuko gani ulio salama kwa mtu asiyeona vizuri, maji yanajaa saa ngapi, na barabara ipi inapitika baada ya zile mvua kubwa.

Kila siku baada ya masomo alitoka nyumbani akiwa amevaa uso wa kazi. Kila siku uso huo uliishia uwanjani, kwenye mchezo wa kamba.

Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, mjomba alisogeza sahani yake kando. "Haya, Waziri. Tunakwenda wapi?"

Waziri alikohoa kidogo, kama wakubwa wafanyavyo wanapotafuta la kusema.

"Nimeongea na mlinzi mwenyewe," akasema. Uongo wa kwanza ulipotoka salama, mwingine ukafuata kwa foleni. "Tutashika barabara ya magharibi, ile inayozunguka kisiwa. Tunapita handaki la kwanza, tunapita la pili, halafu tunakata kushoto, palepale tu tukitoka handakini. Mbele kuna lango la mawe lisilo na nyumba. Chini yake kuna ufuko ambao watu wengi hawaujui. Mchanga mweupe, maji ya magotini. Na katikati ya mchanga kuna kiti."

"Kiti gani?" aliuliza Kifaranga, mdogo wake wa kiume, mwenye miaka saba na maswali yasiyokwisha.

"Cha buluu. Kimeipa bahari mgongo, kinatazama mlima. Hakuna anayejua ni cha nani."

Hicho kiti hakikuwa na kazi yoyote. Alikitia tu kama mtu anavyotia chumvi, maana aliona uongo mtupu hauna ladha. Akangoja mtu acheke.

Hakuna aliyecheka. Kikombe cha mjomba kilikuwa kimesimama hewani. Bibi alijifuta midomo polepole, akakunja kitambaa chake, akakikunja tena.

"Kwani bado kipo?" bibi akauliza.

"Kipo, Mama," mjomba akajibu kwa sauti ya chini. "Mimi wageni wangu huwa nawapitisha mbali."

Mama aliinuka akaenda kufunga dirisha, ingawa hakukuwa na upepo.

Waziri akaacha kutafuna. Kitakuwaje bado kipo, na yeye amekitunga muda huohuo, chakula kikiwa mdomoni?

Hofu ilipomzidi, alifanya kile alichozoea: alimgawia mdogo wake. Wakati wakiosha vyombo alimnong'oneza Kifaranga kwamba mwenye kiti anaishi majini, na kwamba mtu akikalia kiti kile wakati maji yanajaa, hainuki tena. Kifaranga alidondosha kikombe. Walipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Aliokota kikombe, akaondoka bila neno. Jambo hilo lilimtisha Waziri kuliko kugombezwa.

Ijumaa alijaribu kujinasua. "Bibi, nimefikiria. Kwa nini tusiende ufuko wa hapa mjini? Kuna vyoo, kuna kivuli."

"Mlinzi si amekwambia kule ndiko kuzuri?" bibi alisema, macho yake yenye ukungu yakimwelekea lakini yasimfikie vizuri. "Mimi nakuamini wewe, mjukuu wangu."

Waziri angeweza kusema kweli palepale. Badala yake akaomba ruhusa ya kwenda kufua soksi.

Jumamosi waliondoka mapema. Mji ulibaki nyuma, na barabara ikaanza kupanda, mlima upande wa kulia, bahari chini upande wa kushoto. Mandhari ilikuwa ya kutundikwa ukutani: majabali meusi, misonobari iliyopindishwa na upepo, mawimbi madogo meupe huko chini. Lakini kadiri walivyopanda, ukungu ulishuka. Ulimeza misonobari, ukameza bahari, ukabakiza kipande kifupi cha lami mbele ya gari. Walipita kijiji ambacho madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Mbwa mmoja alisimama kando ya njia, akawatazama bila kubweka.

Mjomba, ambaye kwa kawaida huongea barabarani kama redio iliyokosa mtu wa kuizima, siku hiyo alikuwa kimya kama maji mtungini.

"Mjomba, mbona huongei?" Waziri aliuliza.

"Barabara hii haipendi kelele," mjomba akasema.

Handaki la kwanza lilikuwa fupi. La pili lilikuwa refu, lenye giza, na maji yalidondoka kutoka juu, tap, tap, kwenye paa la gari, kama vidole vya mtu anayebisha hodi. Waziri alifumba macho akaficha uso kwenye bega la mama yake. Gari lilikwenda, likapunguza mwendo, likaenda tena, likakata kushoto. Changarawe zikalia chini ya magurudumu. Likasimama.

Alipofumbua macho, aliona nguzo mbili za mawe zilizoota kuvu, na juu yake tao la mawe. Nyuma ya lango hilo hapakuwa na nyumba.

"Hilo hapo," mama alisema kwa furaha. "Umetupangia safari, mwanangu. Mlinzi mwenyewe asingeeleza vizuri hivi."

Waliteremka kwa miguu, mjomba akiwa amemshika bibi mkono. Ufuko ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mtu wala alama ya unyayo. Na katikati ya mchanga, kikiwa kimeipa bahari mgongo, kilikuwepo kiti.

Kilikuwa cha buluu. Miguu yake ilikuwa imezama mchangani, na mwani mbichi ulikuwa umening'inia mgongoni pake, kana kwamba aliyekuwa amekikalia alitoka majini na ameondoka punde tu.

"Dada," Kifaranga alinong'ona, "kumbe wewe unajua kila kitu."

Zamani sifa kama hiyo ingemvimbisha kichwa wiki nzima. Sasa ilimtia kizunguzungu. Hapo ndipo alipoelewa jambo baya kuliko yote: miongoni mwao, ni yeye peke yake aliyejua kwamba mahali hapa hapapo. Hakuwa na wa kumshika mkono, kwa sababu hakuna aliyejua anaogopa nini.

"Nionyesheni hicho kiti," bibi akasema. "Miguu imechoka."

"Bibi, kaa hapa kwenye mkeka. Mkeka ni laini," Waziri alisema haraka.

"Mkeka nikiukalia, nani ataniinua?" Bibi alipapasa mgongo wa kiti, akautoa mwani kwa vidole viwili, akaketi. Yeye aliyekuja kuitazama bahari aliketi akiipa mgongo, uso wake ukielekea mlima usioonekana kwa ukungu.

Maji yalikuwa yanajaa. Wimbi moja lilikuja, likarudi. Jingine likaja zaidi. La tatu likalamba miguu ya kiti, likaacha povu kwenye viatu vya bibi. Mjomba na mama walisimama mbali kidogo, mikono nyuma, wakitazama tu.

"Bibi, inuka sasa. Umelowa."

Bibi akaanza kuongea kwa sauti ambayo Waziri hakuwahi kuisikia, sauti nyembamba, safi, ya mbali, ya mtu asiye na uso.

"Tafadhali subiri. Usikate. Kuna mtu upande wa pili anataka kuongea na wewe."

Kifaranga alianza kulia. Wimbi jingine likaja, likapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu ya bibi, na bibi hakusogea hata kidole.

Waziri aliingia majini na viatu vyake, akamshika bibi mikono yote miwili, akamvuta.

"Inuka, bibi, nakuomba. Nilitunga. Sikwenda kwa mlinzi, hata siku moja sikwenda. Nilikuwa uwanjani nacheza kamba. Lango nimelitunga, kiti nimekitunga, mtu wa majini nimemtunga, sijui kwa nini vipo, sijui tuko wapi. Inuka, nitakupigia viatu rangi, nitafanya chochote, inuka."

"Hapo sasa," bibi akasema kwa sauti yake ya kila siku, "simu yako imeunganishwa."

Akainuka kama kijana. Ndipo Waziri alipokumbuka kwamba bibi yake, kabla ya kustaafu, alikuwa mpokea simu, na kwamba sauti ile aliitumia kazini maisha yake yote.

Mjomba alikuja akicheka kwa chinichini. "Ofisi ya walinzi imefungwa tangu mwezi uliopita, Mheshimiwa. Nilipita pale Alhamisi mchana, nikawaambia bibi na mama yako kabla ya chakula. Mlinzi yuko likizo, jana nimekunywa naye chai. Ufuko huu ndio alioniambia ni salama, maji yake hayazidi hapo yalipofika. Lango lilikuwepo. Kiti ndicho kilichonitoa jasho: nilikipaka rangi, nikakifunga kwenye jiwe, nikalifukia."

"Na mwani?"

"Huo sikuuweka mimi. Bahari nayo inapenda utani."

Waziri alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Mjomba alikifungua kiti kutoka kwenye jiwe, bibi akakigeuza kikaelekea baharini, wakakisogeza mahali pakavu, akaketi tena. Ukungu ulikuwa unapasuka. Maji yakatokea polepole, ya kijivu, kisha ya kijani, kisha jua likayapiga. Bibi alitazama kwa muda mrefu.

Wakati wa kurudi, kabla ya kuingia handaki refu, mjomba alisimamisha gari. Alimshika Waziri mkono, akamvusha barabara hadi kwenye njia iliyoota majani, iliyokata kuelekea baharini mita chache tu kutoka mdomo wa handaki.

"Hii ndiyo kushoto yako," alisema. "Asubuhi nimeipita ukiwa umefumba macho."

Walitembea kidogo. Kizuizi cha mbao kilikuwa kimelala kwenye majani, kimeoza. Baada ya kona, lami ilikatika kama mkate uliong'atwa. Mbele hapakuwa na kitu. Chini kabisa, mawimbi yalikuwa yakisaga mawe ya kilichokuwa barabara. Mvua ndiyo ilikuwa imeipeleka. Mjomba alisukuma jiwe kwa mguu. Walisubiri kusikia likitua, na walisubiri muda mrefu kuliko Waziri alivyotarajia.

Hakuna aliyecheka sasa.

Bibi alikuwa ameshuka garini, amesimama nyuma yao akiegemea fimbo. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi sikukatazi kutunga. Tunga, tucheke wote. Umeona, hata mimi natunga. Lakini mtu akikuuliza njia, anakuwekea roho yake mikononi. Kama hujui, sema hujui. Ukisema hujui, utaonekana mjinga kidogo, basi. Hakuna atakayekufa."

Waziri alikuwa bado akitazama pale lami ilipoishia. Uso ulimbadilika.

"Mjomba, twende nyumbani."

"Mbona haraka?"

"Mama mshonaji wa nyumba ya pili. Jana nilikuwa najigamba kibarazani kwake. Nilimwelekeza. Wanakuja kesho asubuhi na pikapu ya mumewe, watoto wote nyuma. Nilimwambia kushoto, palepale tu wakitoka handakini."

Mama alikuwa tayari amechukua simu. Waziri akamshika mkono. "Mpigie asitoke. Lakini maneno nitasema mimi."

Walifika jioni. Pikapu ilikuwa imeoshwa, ndoo na mpira vimeshapakiwa. Mama mshonaji alifungua mlango, utepe wa kupimia shingoni, tabasamu usoni.

"Waziri wetu huyo. Mama yako anasema una neno na mimi. Karibu, angalia, nimewashonea watoto kofia za safari."

Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kofia mbele ya kioo. Waziri hakuwa na kigoda wala upawa, na ile sauti yake ya matangazo alipoitafuta hakuiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile njia niliyokuelekeza. Sikumuuliza mtu yeyote. Niliitunga. Barabara imekatika, inaishia hewani."

Mkono wa mama mshonaji uliganda kwenye utepe. Aligeuka akawatazama watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kisha akamrudia Waziri.

"Sema tena," akasema.

Waziri akasema tena, safari hii kwa sauti, ili na wale watoto wasikie.