Vipimo Kumi vya Nuria

Kila asubuhi Nuria alifagia uwanja wa nyumba yao pale Tangini, mjini Kibaha, akanywa uji, kisha akaongozana na rafiki yake Dotto kwenda shuleni. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, na wote walikuwa makipa wa timu ya soka ya wasichana. Wiki hiyo hawakuwa na jingine la kuzungumza ila mechi ya Jumamosi kule Kisarawe, kwa sababu kipa wa kuanza alikuwa bado hajachaguliwa.

Nuria alikuwa kipa wa ajabu. Mashuti makali aliyapangua, halafu mpira wa taratibu, ambao hata bibi kizee angeudaka, ulimpita akiwa ameduwaa. "Umeme umekatika tena," wenzake walimtania. Naye alicheka nao, lakini moyoni aliogopa. Alidhani kichwa chake kina kasoro.

Jumatano, Mwalimu Silvanus, aliyefundisha sayansi na kuinoa timu, alitoa kazi ya nyumbani.

"Mtu aachie rula, wewe uidake kwa vidole viwili. Andika imeteleza sentimita ngapi. Fanya mara kumi, na zote ziandikwe. Kisha mpime mdogo wako na mtu mzima mmoja. Makipa wangu, vipimo hivi vitanisaidia kuchagua."

Jioni Nuria alianza na mdogo wake Yahya, mwenye miaka saba. Mara alidaka kwenye kumi na tano, mara rula ilianguka chini yeye akiangalia kuku. Mama yao, fundi cherehani, alidaka kwenye kumi na saba, kumi na sita, kumi na saba, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Zamu ya Nuria ilipofika, alipata kumi na tatu, kumi na nne, halafu ghafla ishirini na saba. Akashtuka.

"Yahya, hiyo haihesabiwi. Achia tena."

Basi kila alipochelewa alirudia, na daftarini zikaingia namba nzuri tupu.

Kesho yake Mwalimu alisoma daftari la Nuria akashangaa. "Umetulia kuliko hata mama yako. Jumamosi utaanza wewe."

Dotto hakununa. Alitoa glovu zake mpya kwenye mkoba, akampa. "Chukua hizi, zako zimechanika. Usituangushe, mwenzangu."

Glovu zile zilimchoma Nuria kuliko matusi. Kengele ya kutoka ilipolia, alimfuata Mwalimu ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

"Namba zangu si za kweli. Nilipochelewa nilirudia. Mwalimu, nadhani kichwa changu ni kibovu."

Mwalimu alifungua daftari lake lenye vipimo vya darasa zima. Kumi na nne, ishirini na sita, kumi na tatu, ishirini na nane. Kila mwanafunzi alipanda na kushuka, Dotto naye hali kadhalika.

"Ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo sana," alisema. "Kwa mtoto, njia zake bado zinajengwa, na umakini huja na kuondoka. Ndiyo maana Yahya anayumba kuliko wewe, na wewe unayumba kuliko mama yako. Huumwi, Nuria. Unakua."

Nuria alishusha pumzi ndefu. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya furaha.

"Ila Dotto ndiye ataanza, maana yeye aliandika namba zake zote," Mwalimu aliendelea. "Wewe utaingia kipindi cha pili. Kabla ya kila shuti, hata la kitoto, jiambie 'nipo'. Na ulale mapema, maana ubongo uliochoka huyumba zaidi."

Jumamosi, kule Kisarawe, timu zilikuwa sare ya bao moja. Dakika za mwisho mpira wa taratibu ulikuja ukidundadunda kuelekea langoni. Wenzake walishika vichwa. "Nipo," Nuria alijiambia, akauinamia, akaukumbatia kifuani. Sare ikabaki sare, nao wakashangilia kama washindi.

"Leo umeme haukukatika," Dotto alimtania walipokuwa wakirudi Kibaha.

"Utakatika tena," Nuria alijibu akicheka. "Lakini sitauficha."

Mwalimu Silvanus aliwasikia, akageuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu. Namba mbaya ya kweli inatuonyesha pa kurekebisha. Nzuri ya uongo haimsaidii hata mwenye nayo."